Masharti ya Kuingia Sokoni na Rafu za Maduka ya Kigoma

Katika maduka ya kujihudumia ya Kigoma mjini, rafu ya mafuta ya kula hutawaliwa na mafuta yaliyosafishwa viwandani, ilhali mawese yanayokamuliwa mkoani humuhumu huuzwa sokoni Mwanga na Ujiji katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, bila lebo. Wapo wanaosema kwamba wanunuzi ndio wasioyataka, lakini mbona sokoni yanagombewa? Kwa maoni yangu, kinachoyazuia mawese kufika rafuni ni masharti ambayo bidhaa hutakiwa kutimiza kabla ya kuuzwa madukani.

Mkamuaji anayetaka chupa yake ikae rafuni anahitaji leseni ya biashara, usajili wa jengo la kuzalishia na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Duka nalo humdai msimbo pau, yaani ile mistari inayosomwa na mashine, ule wa Tanzania unaoanza na tarakimu 620. Gharama za kutimiza masharti hayo, hasa za jengo na vifaa, hazipungui kwa kiwango kilekile mzigo unapokuwa mdogo. Kiwanda huzitawanya katika maelfu ya katoni, mama mkamuaji wa kijijini Simbo huzibeba juu ya madumu machache, na mwenye duka, asiyetaka usumbufu wa ukaguzi, huagiza chapa zilezile anazoagiza jirani yake.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaotaka masharti yafutwe. Mji huu unapokea boti za Kongo na Burundi, na njia za ziwani zinazoleta vitenge ndizo zinazoweza kupitisha vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki huharibu figo, na mnunuzi hawezi kuitambua kwa macho. Kuongezeka kwa bidhaa za namna hiyo hakuna faida kwa yeyote isipokuwa muuzaji.

Serikali imekwisha kupunguza mwingiliano wa taasisi: mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Ni hatua njema, lakini kupunguza milango ya ofisi hakujengi chumba chenye sakafu inayosafishika, wala hakununui chupa mpya na vifuniko vyenye lakiri, na hapo ndipo wakamuaji wengi wanapokwama.

Ukaguzi wa usalama ubaki mkali. Kinachopaswa kubadilika ni nani anabeba gharama ya kuufikia. Halmashauri ingeweza kujenga jengo moja la kufungashia, likasajiliwa mara moja na kutumiwa na wakamuaji wengi, kila mmoja kwa lebo yake. Atakayehofia kwamba uchafu wa mmoja utawaponza wote ana hoja ya kweli, kwa hiyo kila chupa ibebe namba ya toleo na jina la aliyekamua, ili likitokea tatizo uondolewe mzigo wake peke yake.