Juani haitaki haraka

Nimesoma makala ya safari ambayo mwandishi wake anashauri sisi wa Dar tukienda Mafia tuzungushwe visiwa vidogo vya Chole na Juani kwa nusu siku. Hapo napinga kabisa. Juani unakwenda kwa kufuata maji. Yakipwa, boti inakwama mbali na mnamalizia kwa miguu kwenye tope la mikoko. Na Kua, mji wa kale ulioko Juani, si magofu ya kupiga picha na kuondoka. Mji ule ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa utumwani. Leo mizizi inapasua kuta za mawe ya matumbawe. Inauma kuona.

Tulipokwenda kuona vitoto vya kasa vikielekea baharini, kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa hukohuko, alichora mstari mchangani kwa kisigino: hakuna kuuvuka, hakuna kushika hata kitoto kimoja, watambae wenyewe hadi majini. Mgeni mmoja alilalamika, kijana hakubabaika. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995 na kiingilio tunalipa, basi vijana kama huyu walipwe vizuri.

Wanaotaka kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, waende Oktoba hadi Machi, upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia.