Akwaponiki uani: Tanga tunahesabu samaki, tunasahau mchicha

Wanaobeza akwaponiki mjini Tanga, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale yanayozunguka, hesabu zao zimenyooka. Samaki wa bahari wapo mwalo wa Deep Sea, mchicha upo soko la Mgandini, mvua inanyesha. Ya nini basi mtu aujaze ua wake matangi, mabomba na pampu ili apate perege wachache kwa mwezi? Hoja hiyo haijibiwi kwa maneno matupu, na walioipa nguvu zaidi ni wauzaji wa mifumo iliyokwisha kuunganishwa, wanaomwahidi mnunuzi kwamba samaki watarudisha gharama. Kasoro yake ni moja tu: inaupima mfumo kwa samaki, wakati faida yake iko kwingine.

Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo unataja gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Tuchukue kitanda cha kokoto cha kuoteshea mboga, cha mita 2 za mraba, ambacho ua wa kawaida wa Ngamiani unakimudu bila kubana njia. Hapo ni gramu 80 hadi 100 kwa siku, yaani kilo 3 kwa mwezi zikizidi sana. Perege huhitaji kama kilo moja na nusu ya chakula, mara nyingi zaidi, ili aongeze kilo moja ya uzito. Mwezi mzima, basi, ni kilo mbili za samaki, na hapo mambo yote yamekwenda sawa. Toa bei ya chakula na ya vifaranga, uone kama kuna biashara. Hakuna.

Lakini mita hizo hizo mbili, bila mbolea ya dukani na bila palizi ya maana, hutoa mchicha kila baada ya wiki tatu au nne, na matembele ukiyakata huchipua tena. Pembeni weka kotimiri, nanaa na mrehani. Hivi ndivyo vitu ambavyo nyumba za pwani hununua kwa mafungu, leo mia mbili, kesho mia tatu, na hakuna anayezijumlisha pesa hizo mwisho wa mwezi. Samaki katika mfumo huu ni mtengeneza mbolea anayeliwa siku moja moja: uchafu wake, bakteria wakishaugeuza, ndio unaolisha mboga. Anayemfanya ndiye biashara yenyewe atakata tamaa mapema.

Watetezi nao wana hoja yao ya kuazima. Husema mfumo huu huokoa zaidi ya asilimia 90 ya maji. Kweli maji yanazunguka badala ya kupotelea ardhini, lakini sifa hiyo ina uzito katika nchi kame kuliko hapa, ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 1,200. Shida ya mtu wa Ngamiani au Makorora ni ua uliosakafiwa, na pasiposakafiwa ni mchanga. Tena hiyo mvua ya masika ndiyo inayozamisha bustani za bondeni na kupandisha bei ya mchicha sokoni. Kitanda kilichoinuliwa hakizami, ilimradi tangi liwe na bomba la kutolea maji yanayozidi.

Umeme ndio unaoua mifumo mingi, na wabezaji wameushika vizuri kuliko watetezi. Pampu ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hula karibu uniti 29 kwa mwezi. Mtu husema, uniti 29 ni nini? Kwa nyumba iliyo katika daraja la D1, la wanaotumia umeme kidogo, ambako kwa viwango vya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, vya mwaka 2016 uniti 75 za mwanzo ni shilingi 100 kila moja, uniti 29 ni zaidi ya theluthi ya mgawo wote. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 na kulipa 6,000 kabla ya kodi sasa inafika 89. Zile 14 zilizovuka ni shilingi 350 kila moja, jumla inakuwa 12,400, mara mbili na zaidi. Hapo bado ni afadhali. Wastani wake ukiendelea kuwa juu ya 75, inaweza kuhamishiwa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni 292. Uniti 89 zinakuwa karibu shilingi 26,000. Kwa hiyo pampu haikuongeza gharama yake peke yake, imepandisha bei ya taa, feni na friji pia. Mchicha wa mita mbili hauwezi kubeba mzigo huo, na sijaona muuzaji anayemwambia mnunuzi jambo hili kabla ya kupokea pesa.

Ila ni nani aliyesema pampu iwake saa 24? Kitanda cha kokoto hufanya kazi vizuri kikijaa na kukauka, kwa sababu mizizi na bakteria wanahitaji hewa kati ya maji na maji. Ukiweka saa ya kuwasha na kuzima, pampu ikafanya kazi dakika 15 kila saa, uniti 29 zinashuka hadi 7 na kidogo. Pampu ndogo ya hewa ya wati 5, isiyozimwa, inaongeza chini ya 4. Jumla ni kama 11, na nyumba yetu inabaki kwenye 71. Tofauti ya kulipa elfu saba na kulipa elfu ishirini na sita ni kifaa kidogo kinachochomekwa ukutani.

Sharti lake ni samaki wawe wachache. Kilo 5 za perege kwa jumla zinatosha kula zile gramu 100 za siku, na zikikaa kwenye tangi la lita 1,000 ni nusu ya kiwango cha chini ambacho FAO inawapa wanaoanza, cha kilo 10 hadi 20. Umeme ukikatika, nafasi hiyo ndiyo akiba yako. Maji ya nyuzi 30 hata yakijaa oksijeni hubeba miligramu 7.5 tu kwa lita, na perege huanza kutaabika ikishuka chini ya 3. Tangi lililosongamana linaweza kufika huko kwa saa moja au mbili; lenye nafasi hukuachia muda mrefu zaidi. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hakuna aliyeusahau. Kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu ya maji, angelimaliza tatizo hili, lakini si kila jiko la pwani linamkaribisha, na tangi lake lisipofunikwa kwa wavu utamkuta sakafuni.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya kigeni hailitilii mkazo unaotufaa, nalo ni kokoto. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi tosha, na kokoto za hivyo zikikaa majini hupandisha taratibu pH, kipimo cha ukali wa tindikali ambacho kikizidi 7 maji yameelekea upande wa magadi. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 28, chini ya asilimia 1 ya amonia, uchafu unaotoka kwa samaki wenyewe, iko katika umbo linalowadhuru. Kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 6. Chuma nacho hakifyonzwi vizuri, majani machanga yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenye mfumo anaongeza chakula akidhani samaki hawatoshi, kumbe anaongeza amonia. Kabla ya kununua, dondoshea kokoto siki. Ikitoa povu, mwachie fundi wa zege.

Mwenye kiwanja Pongwe na nafasi ya matuta sioni cha kumshawishi, jembe na samadi vitampa mboga nyingi zaidi kwa pesa kidogo. Wala si mfumo wa nyumba inayofungwa alfajiri na kufunguliwa magharibi, maana wiki nne hadi sita za kwanza, kabla bakteria hawajakaa sawa, maji yanataka kupimwa karibu kila siku. Unamfaa mwenye ua wa saruji na mtu anayeshinda nyumbani, bibi au kijana aliyemaliza shule, wa kulisha asubuhi na jioni na kusikiliza kama pampu bado inanguruma.