Harold Baines hakupiga kelele, alipiga mpira

Usiku wa tarehe 8 Mei 1984, timu za besiboli za Marekani, Chicago White Sox na Milwaukee Brewers, zilicheza raundi 17 bila mshindi mpaka saa saba usiku, wachezaji wakaambiwa wakalale. (Mechi ya kawaida ni raundi 9.) Kesho yake wakaendelea palepale walipoachia. Raundi ya 25, Harold Baines wa White Sox akanyanyua mguu wa kulia kama mtu anayeruka dimbwi, akazungusha gongo, mpira ukatua nje ya uzio. Ikawa 7-6, mechi iliyokula saa 8 na dakika 6 ikaisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo ndio ulikuwa mshindo wake.

Kwa sababu kwingine kote, kuanzia 1980 hadi 2001, Baines ni mtu wa kuingia kazini, kupiga na kurudi kukaa. Hakuwahi kufikisha mapigo 200 (yaani mipira aliyoipiga akafika salama kituoni) katika msimu mmoja. Hakuwahi kuwa mchezaji bora wa ligi. Lakini jumlisha misimu yake 22: mapigo 2,866, mipira 384 iliyovuka uzio, wastani wa .289, yaani karibu mapigo 3 katika kila majaribio 10.

Waandishi wa besiboli hawakushtuka. Kura zao za kumwingiza kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown hazikuwahi kuvuka sana asilimia 6, na mwaka 2011 akashuka chini ya asilimia 5, jina likaondolewa. Desemba 2018 kamati ya watu 16 ikamrudisha kwa kura 12, zile zile zilizohitajika, haikuzidi hata moja. Kelele zikaanza: ndani ya kamati alikuwamo Tony La Russa, kocha wake wa zamani, na Jerry Reinsdorf, mwenye timu ya White Sox. Kubebana, wakasema.

Nakubali, marafiki walisaidia. Sitajifanya sioni. Ila wanaomkebehi wanapita haraka mno kwenye magoti yake.

Magoti yalianza kumsumbua mwaka 1986, na miaka iliyofuata akawa mpigaji mteule, yaani yule anayepiga kwa niaba ya mrushaji wa mpira na hashiki nafasi yoyote uwanjani. Watu huiona kazi hiyo kama ya mzee aliyepewa kiti. Hebu ifikirie vizuri. Wenzako wanakimbia, miili imechemka; wewe umekaa kwenye benchi nusu saa, pengine zaidi, magoti yameganda. Halafu unaitwa kukabili mpira unaokuja kwa kasi ya maili 90 kwa saa. Ukikosa, unarudi kukaa na kosa lako, huna mpira wa kudaka wa kukusahaulisha. Baines aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 40, alipiga wastani wa .312 na kuvusha mipira 25. Wangapi wamebebwa namna hiyo?

White Sox wenyewe walijua. Julai 1989 walimpeleka Texas Rangers kwa kubadilishana wachezaji, na mwezi uliofuata tu wakaistaafisha jezi yake namba 3, yaani asiivae mtu mwingine, mwenyewe angali anacheza, tena kwa timu nyingine. Akarudi Chicago 1996, wakaivua ustaafu ile namba, akaivaa. Akaondoka, akarudi tena 2000. Wakampa jezi ile ile.