Saa za Wodini na Saa za Mwanasesere

Vyuo vinavyofundisha shahada ya uuguzi Moshi na Arusha vimebanwa na hesabu moja: wanafunzi wanaongezeka, vitanda ni vilevile. Nenda hospitali za KCMC, Mawenzi au Mount Meru asubuhi wakati wa kubadilishana zamu. Wodi moja hupokea wanafunzi wa shahada, wa diploma, wa utabibu na wa udaktari, kila mmoja na logibuku yake, daftari la stadi alizofanya, ya kusainiwa. Kama asubuhi hiyo kuna katheta (mipira ya mkojo) mbili tu za kuweka, wawili wataweka na waliobaki watatazama migongo ya wenzao. Ndiyo maana pendekezo la kuhamisha sehemu ya saa za wodini kwenda chumba cha mazoezi, kwa mwanasesere wa plastiki anayechukua nafasi ya mgonjwa, linazidi kupata watetezi. Na lina wapinzani wazito pia.

Watetezi hawazungumzi hewani. Mwaka 2014 chombo cha kitaifa cha bodi za uuguzi Marekani, NCSBN, kilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vyuo 10. Wanafunzi waligawanywa makundi matatu: kundi la kwanza halikuzidisha 10% ya saa zake za vitendo kwenye mazoezi ya kuigiza, la pili lilifanya 25% na la tatu 50%. Waliomaliza walikuwa 666. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo, si katika maarifa, si katika umahiri, si katika kufaulu mtihani wa leseni, na walifuatiliwa mpaka miezi sita ya kwanza kazini. Uingereza nayo inaruhusu hadi saa 600 kati ya saa 2,300 za vitendo zifanywe kwa kuigiza.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, haimo katika takwimu hizo. Imo katika matukio ambayo mwanafunzi hawezi kuyasubiri wodini. Chukua kifafa cha mimba, degedege za mjamzito mwenye presha ya juu. Mwanafunzi anaweza kumaliza mzunguko mzima wa leba bila kukiona, au kikatokea akasukumwa pembeni, na ni haki asukumwe. Lakini siku akiwa peke yake zamu ya usiku, anatakiwa ajue kwamba ampuli ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hizo, ya 50% yenye mililita 10 ina gramu 5, na dozi ya kwanza ya mshipa ni gramu 4. Anavuta mililita 8, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 za 20%, anazisukuma polepole kwa dakika zisizopungua 5. Kisha gramu 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya 2%, dawa ya ganzi. Kabla ya dozi inayofuata anahakiki pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, iwe imeshaandaliwa karibu.

Makosa yanayotarajiwa hapo yanajulikana. Mmoja anavuta ampuli nzima kwa sababu ampuli ni moja. Mwingine anasahau kuzimua. Wa tatu anatoa dozi vizuri lakini hakuweka katheta, hivyo saa nne baadaye hana mkojo wa kupima na hajui kama aendelee au asimame. Kwa mwanasesere makosa yote matatu yanaweza kufanyika asubuhi moja, yakasahihishwa, na hakuna mama anayeacha kupumua. Hakuna wodi inayoweza kutoa nafasi hiyo, na haipaswi kuitoa.

Sasa upande wa pili. Ule utafiti wa Marekani ulikuwa na masharti ambayo wanaounukuu huyaruka. Walimu walifunzwa rasmi kuendesha mazoezi, vifaa vilitosha, na baada ya kila zoezi kulikuwa na kikao cha tathmini kilichoongozwa kwa mpangilio: nini kilitokea, ulikuwa unafikiria nini ulipofanya vile, kesho utafanya nini tofauti. Kikao hicho mara nyingi huchukua muda sawa na zoezi lenyewe au zaidi. Chuo chenye mkufunzi mmoja na foleni ya wanafunzi mlangoni hukata kikao kwanza. Zoezi linabaki, mafunzo yanaondoka. Asilimia 50 bila kikao ni kitu kingine kabisa kisichojaribiwa na utafiti ule.

Halafu kuna lugha. Darasa la shahada linafundishwa kwa Kiingereza, na chumba cha mazoezi huendelea na Kiingereza hicho hicho. Mwanasesere hasalimiwi. Wodini yupo bibi kutoka Rombo au Marangu, anaelewa Kichagga kuliko Kiswahili, na mwanafunzi asiyeanza na “Shikamoo, bibi” ameshampoteza kabla ya kugusa mkono wake. Yupo mama wa Kimaasai aliyekuja na mama mkwe, na swali la hedhi haliulizwi mbele ya yule mama mkwe. Kupima presha mtu hujifunza kwa plastiki. Kupata historia ya kweli kutoka kwa mtu mwenye hofu, hapana. Chumba cha mazoezi kinaweza kusaidia hapa kama mgonjwa akiigizwa na mtu mzima anayezungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani, lakini mazoezi ya namna hiyo hupangwa mara chache, labda kwa sababu hayana kifaa cha kununua na kuonyesha.

Ushahidi unaotufaa zaidi huku kaskazini hautoki ng'ambo. Uko Haydom, mkoani Manyara, sehemu iliyokuwa Arusha kabla mkoa haujagawanywa mwaka 2002. Watoa huduma wa hospitali ya Haydom walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia kichanga kupumua, kwa mwanasesere mdogo anayejazwa maji ili apate uzito wa mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa magumu kuyameza: alama zao kwa mwanasesere zilipanda sana, lakini namna walivyowahudumia vichanga halisi chumba cha kujifungulia haikuboreka. Baadaye utaratibu ukabadilishwa. Mwanasesere akawekwa palepale wodini, watu wakafanya zoezi fupi la dakika chache kila wiki. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Mwanasesere hakubadilika. Kilichobadilika ni mara ngapi na wapi. Na ukiangalia mkono wa mtu anayepumulisha kichanga utaelewa kwa nini. Barakoa lazima ifunike kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho. Kidole gumba na cha shahada vinaishika juu, vidole vingine vinainua taya kwenye mfupa, si kwenye nyama laini chini ya kidevu, maana ukibonyeza pale unaziba njia unayotaka kuifungua. Kichwa kikiinamishwa nyuma kupita kiasi, hewa haiingii. Kasi ni pumzi kama 40 kwa dakika, nayo hofu humfanya mtu akandamize mara mbili ya hapo. Pumzi ya kwanza inatakiwa ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke. Mezani darasani barakoa iko mbele yako. Wodini mtoto ameloa na anateleza, barakoa iko droo nyingine, na mkono unakimbilia kufyonza makamasi kwa sababu ndicho kitu ulichozoea. Stadi kama hii huanza kufifia ndani ya miezi michache. Kozi ya siku moja mwaka wa pili haiwezi kumfikisha mtu mwaka wa nne.

Tatizo jingine liko kwenye tafiti zenyewe, hasa zile za wanafunzi wa shahada na uzamili. Nyingi huuliza baada ya zoezi: unajiamini kiasi gani, 1 hadi 5? Dodoso linagawiwa na mwalimu yuleyule atakayesahihisha mtihani wao. Bila shaka watajaza 4 na 5. Kujiamini si kuweza, na anayejiamini asiyeweza ndiye hatari zaidi wodini. Anayetaka kupima kweli agawe makundi mawili, atumie msimamizi asiyejua nani alitoka kundi gani, arudie kipimo baada ya miezi mitatu, kisha amfuate mwanafunzi wodini amwone akifanya. Na achukue tahadhari: wanafunzi wa bweni moja hupeana mafunzo usiku, hivyo kundi la “hawakufundishwa” linaweza kuwa limefundishwa. Kugawa mkondo mzima wa mzunguko kwa pamoja, badala ya mwanafunzi mmoja mmoja, kunapunguza hilo.

Hata oski, mtihani wa vituo ambapo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akionyesha stadi, uliobuniwa na Ronald Harden huko Dundee miaka ya 1970, una udhaifu huo. Mwanafunzi hufika kituoni akatamka “nimenawa mikono” bila kunawa, na msahihishaji akaweka vema. Anayefundishwa hivyo miaka minne atatamka pia wodini.

Lakini wapinzani wa mwanasesere nao wasijifiche nyuma ya neno “uzoefu”. Saa za wodini zinazotetewa ni zipi? Saa sita za kusimama nyuma ya wenzako hazina uzoefu ndani yake. Logibuku inayosainiwa kurasa tano kwa mpigo siku ya mwisho ya mzunguko inahesabu mara, haisemi lolote kuhusu namna. Tukipima wodi kwa kipimo kilekile tunachompimia mwanasesere, wodi nyingi zitafeli.

Kwa hali ya Moshi na Arusha ninavyoiona, nusu kwa nusu ni mapema mno. Robo inawezekana, ikiwa itachukuliwa kutoka kwenye zile saa za kusimama tu, na ikiwa mazoezi hayatafungiwa jengo la chuo. Mwanasesere mmoja wa bei nafuu kwenye meza ya leba, mfuko wa kupumulishia, saa ya ukutani, dakika tano kila Jumatatu kabla ya kupokezana zamu: hilo ningelichagua kabla ya mwanasesere wa kompyuta anayesubiri fundi kutoka nje kila waya unapokatika.

Linalobaki ni mtu wa kuyasimamia. Mkufunzi wa chuo hufika wodini mara chache kwa wiki. Muuguzi wa zamu yupo kila siku, lakini ana wagonjwa thelathini, dripu za kuhesabu, na wanafunzi ambao hakuna aliyemwambia wanatakiwa kujua nini wiki hii. Chuo kinachotaka kuanza muhula ujao kianze kwa kumpa muuguzi huyo karatasi moja: majina ya wanafunzi, stadi tatu za wiki hiyo, na saa moja isiyo na wagonjwa ambayo mkuu wa wodi amekubali kwa maandishi.