Jagari Chanda alikuwa nyota kabla hawajamgundua

Siku hizi habari za Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, husimuliwa kuanzia mwisho: mzee wa Zambia aliyekuwa akichimba vito, mara wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani wakamwibua. Usimulizi huo unaniudhi. Unamnyima mtu miaka yake bora.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na uhuru mbichi na shaba yenye bei. Vijana wa Kitwe na miji mingine ya migodi walikuwa na kiu ya gitaa la umeme, na Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Hapo ndipo ilipokua Zamrock, yaani roki ya Kizambia. Jagari, ambaye jina lake limetokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones wa Uingereza, aliongoza bendi ya WITCH iliyovuta umati kila ilikopiga. Hakuna aliyehitaji kumgundua; watu wake walikuwa wakilipa kiingilio kumwona.

Isikilize albamu yao Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Gitaa la Chris Mbewe linakwaruza, linalia, linapinda sauti hadi unahisi chumba kinazunguka, na chini yake besi ya Gedeon Mulenga inatembea bila haraka. Jagari anaimba kama mtu anayejua kuna jambo baya linakuja. Wanaosema waliiga Wazungu tu hawajaisikiliza hadi mwisho. Mwaka uliofuata, katika albamu ya Lukombo Vibes, ngoma za nyumbani zikapewa nafasi kubwa zaidi.

Na baya lilikuja kweli. Bei ya shaba ilianguka, vita vya nchi jirani vikaleta amri za kutotoka usiku, na bendi inayoishi kwa maonyesho ya usiku itakula nini? Disko nayo ikabisha hodi. Jagari aliiacha bendi, akafundisha muziki, kisha akaingia machimboni. Ukimwi ukawafyeka wanamuziki wa kizazi kile, wakiwemo wenzake wa WITCH. Santuri zao zilipoanza kutolewa upya ng'ambo, wengi waliozipiga walikuwa makaburini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Afrika Mashariki nasi tumo: Musi-O-Tunya, bendi ya Zamrock ya Mzambia Rikki Ililonga, ilipiga na kurekodi Nairobi. Lakini ni redio gani yetu inayopiga Zamrock leo?

Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu ya Zango, iliyorekodiwa Lusaka, Jagari akiwa na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa zamani wa bendi, pamoja na vijana kutoka Ulaya. Ndani yumo pia Sampa The Great, rapa mzaliwa wa Zambia, ambaye mwaka mmoja kabla aliwashirikisha WITCH katika albamu yake mwenyewe. Ningeanzia hapo kumsimulia Jagari: binti wa Kizambia anampa mzee wa Kizambia maikrofoni, kwa sababu anaujua muziki wake.