Filta mbele ya lenzi au fremu za kuunganisha? Vita ya anga na ardhi

Jua linapochomoza, anga huipita ardhi iliyo bado kivulini kwa stopu nne, tano au zaidi, na kila stopu ni mwanga maradufu. Ukipima mwanga wa picha kwa ardhi, mawingu yanaungua na kubaki meupe matupu. Ukipimia anga, mawe yaliyo mbele yanazama gizani.

Wapo wanaotumia filta yenye giza nusu ya juu tu, na wapo wanaopiga fremu kadhaa, yaani picha za mandhari yale yale zenye mwanga tofauti, na kuziunganisha baadaye. Kundi la kwanza hupenda kusema la pili linadanganya. Dai hilo halina mashiko: miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray, ambaye kemikali za wakati huo zilimchomea anga, alichapa baadhi ya picha zake za bahari kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji. Cha kujadili ni njia ipi inaleta faili safi, na wapi.

Baharini filta inashinda. Upeo umenyooka, na wimbi linalovunjika halirudi lile lile kwenye fremu ya pili. Chukua ya stopu tatu yenye mpaka mkali, funga kipenyo (tundu la lenzi) hadi f/11 ili mpaka uonekane vizuri kwenye skrini, kisha ishushe taratibu ndani ya kishikio. Ikizidi kushuka, inatia giza vichwa vya miamba. Futa lenzi na filta kila mara, kwani jua likiwa mbele yako, kila tone la maji ya chumvi huwa doa la mwanga.

Milimani na msituni hali inageuka. Filta haitofautishi wingu na mti, hivyo mti uliopita upeo unatoka mweusi juu na wa kawaida chini. Hapo piga fremu tatu zilizopishana stopu mbili mbili, au fremu tano kama jua limo ndani ya picha. Weka kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, fokasi ya mkono, kuchelewesha shata kwa sekunde 2. Badilisha kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, peke yake. Ukigusa kipenyo, sehemu inayoonekana kwa ukali inabadilika na fremu hazilingani. Kwenye histogramu, grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia, fremu nyeusi kuliko zote isigonge ukuta wa kulia, na nyeupe kuliko zote isigonge wa kushoto.

Adui wa njia hii ni upepo. Majani yakisogea kati ya fremu, programu inayaacha na vivuli pacha. Dawa ni kuchukua majani yote kutoka fremu moja. Ukingo wa mlima nao hupata utando wa mwanga pale barakoa ya kuchanganyia (mpaka unaoamua fremu ipi ionekane wapi) inapolainishwa mno.

Kwa kweli mabishano haya yanapungua uzito. Sensa bora za leo hubeba takriban stopu 14 kwenye ISO ya chini, hivyo mara nyingi faili ghafi moja (data ya sensa kabla ya kusindikwa), iliyopimwa kwa mawingu na kuinuliwa vivuli, inatosha.

Msimamo wangu: filta moja kwa ajili ya maji, fremu kadhaa kwa kwingine. Ila fremu zote zitoke mahali pale pale na dakika zile zile. Anga la siku nyingine ni kazi tofauti, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Na njia yoyote uliyotumia, kabla ya kukabidhi picha kagua ziwa: taswira ya anga majini haiwezi kung'aa kuliko anga lenyewe. Iking'aa, umetia giza juu kupita kiasi. Punguza giza hilo kwa stopu moja.