Disketi ya Michango

Mwaka 2002 familia yetu ya Temeke iligawanyika makundi mawili juu ya mahali pa kuhifadhi orodha ya michango ya harusi ya dada yangu. Mama mkubwa, mhazini wa kamati, alitaka kaunta buku lenye jalada gumu, kwa hoja kwamba kitu kisichosomeka mpaka umeme uwepo ni siri wala si kumbukumbu. Baba mdogo, mwenyekiti, ambaye alikuwa fundi redio na kwa sababu hiyo alijihesabu miongoni mwa wanasayansi, alijibu kwamba madaftari hunyeshewa, huliwa na panya, na yana tabia ya kunyofoka kurasa zile zile zenye majina ya watu wasiolipa ahadi zao. “Kompyuta haina upendeleo, shemeji,” alisema, “kwa kuwa haina ndugu.”

Mwenyekiti akashinda, nami nikateuliwa katibu. Niliichapa orodha katika duka moja la steshenari Kariakoo na kuihifadhi kwenye disketi nyeusi, kile kibapa cha plastiki cha kubebea mafaili ya kompyuta, yenye uwezo wa megabaiti 1.44. Baba mdogo aliposikia kwamba majina yote hayakujaza hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo, aliamuru wachangiaji waongezwe, maana ni israfu kununua chombo kizima na kukiacha kitupu.

Nilisisitiza kwamba nakala ya pili iwekwe kwenye barua pepe yangu, na Baba mdogo akafuatana nami hadi intaneti kafe ya Posta ili akaione hiyo intaneti kwa macho yake. Enzi hizo, kabla SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, haujafika mwaka 2009, mawasiliano yetu yalipanda angani kwenye satelaiti na kurudi, kwa hiyo mtu aliyelipia saa nzima aliitumia sehemu kubwa ya saa hiyo akitazama ukurasa mweupe. Sanduku langu la barua lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2 tu, nayo ilikuwa imekwisha, kwa sababu binamu yetu wa Muscat alikuwa ametutumia picha tatu za gari lake jipya: mbele, nyuma, na buti likiwa wazi. (Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na gigabaiti 1 kwa kila mtu, wengi duniani walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga, mimi ningedhani ni matusi.) Nilipotaka kufuta picha ya buti, Baba mdogo alinishika mkono. Gari la Muscat, alisema, halifutwi kwa ajili ya wadaiwa wa Temeke. Tukarudi na disketi ile ile moja, akaichukua mwenyewe akaitunze.

Aliitunza karakanani. Spika kubwa ya kikundi kimoja cha taarabu ilikuwa imelala kifudifudi ikisubiri matengenezo, sumaku yake ikiwa juu, na disketi ilipoisogelea tu ikanata yenyewe kwa kile kisahani chake cha chuma cha katikati. Baba mdogo alifurahi kupata mahali ambapo kitu hakianguki. Ndani ya disketi kuna utando wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, na kila jina na kila shilingi huandikwa kwa kuupanga usumaku wa unga huo. Spika ile ikaupanga upya kwa namna iliyoipendeza yenyewe.

Siku ya hesabu, disketi ilikoroma ndani ya kompyuta, kisha kioo kikatangaza kwamba haijawahi kuandaliwa kwa matumizi. Mjomba mmoja alisema ni virusi kutoka Muscat. Shangazi alishauri ianikwe juani. Hatimaye iliamuliwa orodha iandikwe upya kwa mdomo, kila mtu asimame na kutaja alichotoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba ukoo wetu ni wa matajiri: waliotoa elfu tano walikumbuka elfu ishirini, na waliokuwa hawajatoa chochote walikumbuka hata rangi ya bahasha. Jumla iliyotajwa ilizidi fedha zilizokuwepo kwa mbali sana, na macho yote yakamgeukia mhazini.

Mama mkubwa hakujitetea. Aliingia chumbani, akainama mvunguni, akatoka na kaunta buku alilokuwa akiliandika kimya kimya tangu mchango wa kwanza, lenye tarehe na saini za watoaji. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, wajumbe kadhaa walikuwa wamekumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni. Ukurasa wa pili ulianza na mwenyekiti: ahadi, shilingi elfu hamsini, iliyolipwa, mstari mtupu.

Baba mdogo alisafisha koo. Aliisifu sana kazi ya mhazini, akasema kumbukumbu ya thamani namna ile haifai kukaa mvunguni, kisha akapendekeza kwamba, kwa usalama, kuanzia jioni hiyo daftari litunzwe karakanani kwake.